Mjusi Aliyekula Machonge Yangu

Mimi sina machonge ya chini. Pale ambapo watu wengine wana yale meno mawili yenye ncha, moja kila upande, mimi nina mapengo, na ulimi wangu umezoea kwenda kupumzika humo ninapowaza, au ninapomngoja mteja aamue kama anataka maharage ya njano au mekundu. Tangu utotoni niliambiwa aliyesababisha hayo ni nani. Ni mjusi.

Kwetu Ufipa jino la utoto likitoka halitupwi ovyo. Unasimama uani, unalirusha juu ya paa, unaomba lije jingine zuri zaidi, kisha unaingia ndani bila kuangaza macho huku na kule. Ukimwona mjusi siku hiyo umekwisha, jino halitaota tena. Watoto wenzangu walikuwa wakirusha na kukimbia huku wamefumba macho, wengine wakajigonga mlangoni. Mimi sikufumba, nikamwona.

Namkumbuka vizuri kuliko ninavyoukumbuka uso wa baba yangu, ambaye alifariki nikiwa bado mdogo. Ilikuwa kipupwe, ule upepo wa kwetu usiokuwa na haya unapita mpaka ndani ya nguo. Ulezi ulikuwa umeanikwa kwenye mkeka. Jino lilikuwa katika kiganja changu, dogo, lina ncha, na ncha ile ilinichoma kidogo nilipofunga mkono. Nikalirusha. Nyasi za paa zikalipokea bila sauti. Nikageuka, naye alikuwa juu ya jiwe la kusagia, kichwa cha bluu, anainua kifua na kukishusha, anainua na kukishusha, kama mzee anayekubali hoja kikaoni. Tukatazamana. Sijui tulitazamana kwa muda gani, maana kila nikikumbuka, muda wenyewe huwa mrefu zaidi.

Shuleni waliniuliza kama nimesahau kufunga mlango. Nilikuwa mkali, nikajifunza kurudisha maneno kabla hayajafika chini, na tabia hiyo ninayo mpaka leo. Lakini nikifika nyumbani nilikuwa nalia, na mama alikuwa ananikalisha karibu na jiko na kunisimulia habari za yule mjusi. Alisema mjusi aliyapenda sana meno yangu hata akashindwa kuyaacha. Alisema ameyaficha kwenye mwamba, huko juu ambako ukungu hulala asubuhi, na kwamba huyatoa siku za jua na kuyatazama. Nililala nikiwa na fahari. Si kila mtoto ana meno yanayotamaniwa.

Nimekua na habari hiyo kama mtu anavyokua na kovu. Nikaolewa, nikahamia mjini Sumbawanga, tukapanga Majengo, chumba na sebule, nikafungua banda la nafaka karibu na nyumba. Mume wangu huendesha lori la mahindi na wiki nyingi hayupo. Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kike, mama akaja kutoka kijijini kunisaidia kulea.

Mama si msemaji. Ni mtu wa kufanya. Alimwogesha mjukuu wake, alimpaka mafuta mpaka akang'aa, alimbeba mgongoni huku anachambua mchele, na wakati mwingine nilimkuta amekaa mlangoni naye, wote wawili wamekodolea macho ukungu unaoondoka mtaani, hakuna hata mmoja anayetaka kushtuliwa. Kitu kimoja tu sikukielewa. Mtoto akilia kwa kupanua kinywa, mama alikuwa anageuza uso. Hakuwahi kumtazama mdomoni. Nilidhani ni miiko fulani ya wazee, nikaacha.

Mtoto alipokuwa na miezi saba, baridi imeshika, akaanza homa. Udenda ulimtiririka mpaka nguo ya kifuani ikawa haikauki. Alikataa ziwa, alilia kwa sauti iliyopasuka, akawa anajisugua shavu kwenye bega la kila aliyembeba. Siku ya pili ya homa ile shangazi yangu akafika, dada wa marehemu baba, ambaye ameolewa kule Ilemba, bondeni kwenye joto. Alikuja na mchele kwenye mfuko wa salfeti na mtandio umefungwa kichwani kwa nguvu kwa sababu ya baridi ya huku kwetu, ambayo kila mwaka huilaumu kana kwamba tumeitengeneza sisi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mtoto analia hivi?"

Nikamweleza. Hakungoja nimalize. Alimchukua, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akaingiza kidole chake mdomoni, hakijaoshwa, kimetoka kwenye kamba ya mfuko moja kwa moja, akavuta mdomo wa chini.

"Haya. Njoo uone mwenyewe."

Nikainama. Kwenye fizi ya chini, kulia na kushoto, kulikuwa na vivimbe viwili vyeupe chini ya nyama, kama punje za mahindi machanga ukiyamenya kabla ya wakati wake.

"Meno ya plastiki," shangazi akasema. "Ndiyo yanayomchoma huyu. Hospitali hawayajui haya, na wakimchoma sindano akiwa nayo, mtoto anakwenda hivihivi unaona. Kuna mama mmoja kule mwisho wa mji anayatoa. Ana mkono mwepesi. Asubuhi hii hii twende."

Mama alikuwa anamimina maji kwenye sufuria. Yalijaa, yakamwagika, akaendelea kumimina.

"Wifi," shangazi akamwambia, "wewe unasemaje?"

"Sina la kusema," mama akajibu, akaweka ndoo chini.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, na katika hofu ile shangazi alionekana kuwa mtu pekee mwenye jibu. Lakini habari ya kutoa kitu kwenye fizi ya mtoto ilinikaa vibaya. Nikawaambia wanisubiri. Kulikuwa na mteja aliyekwisha kulipia gunia na gari lake lilikuwa linanguruma mtaani, nikaenda kumfungulia banda, nikamtolea mzigo, nikafunga. Njiani kurudi nikaamua kwamba tunakwenda hospitali kwanza, na shangazi akinuna na anune.

Nyumba ilikuwa kimya. Kanga ya mama haikuwepo kwenye msumari wake. Sufuria ilikuwa bado jikoni, maji yanatokota bila mtu. Jirani yangu, aliyekuwa anafagia, akaniambia wameondoka, mama yangu akiwa na mtoto mgongoni, shangazi ametangulia mbele anaonyesha njia.

Nikapanda bodaboda. Kijana akaniuliza, "Wapi, dada?" nikamwambia mwisho wa mji, kwa mama anayetoa meno ya watoto, na jambo lililonishangaza ni kwamba hakuuliza zaidi. Alikuwa anapajua.

Asubuhi ile ninaikumbuka kama kitu nilichokiona kupitia maji. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Watu walitokea ndani yake wakiwa nusu, mwanamke mwenye beseni asiyekuwa na miguu, punda mwenye kichwa tu, msalaba wa kanisa bila kanisa. Nilimwambia kijana aongeze mwendo, akaongeza, lakini ilionekana kwamba sisi tumesimama na mji ndio unaopita polepole pembeni yetu. Nilimwomba Mungu na nilimtukana shangazi, vyote kwa pumzi moja.

Nyumba yenyewe ilikuwa safi. Hilo nalo lilinivunja, maana nilitarajia mahali pa kutisha. Ua umefagiliwa, kuku wawili, benchi ukutani. Mama mmoja mnene mwenye uso wa upole alikuwa anaosha kitu kwenye bakuli. Pembeni mwanamke kijana alikuwa amempakata mtoto wake, amemziba mdomo kwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na damu. Mtoto hakulia. Alikuwa amechoka kulia. Midomoni mwake kulikuwa na chembe za chumvi. Kwenye kizingiti, juu ya kipande cha gazeti, niliona spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha.

Ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye mapengo yangu. Nikasikia ladha ya chumvi. Sikuwa nimekula kitu chochote asubuhi ile.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi, peke yake, amevimba kwa hasira.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Muulize mama yako. Nimetembea naye mpaka njia panda, nazungumza, nazungumza, nageuka nimwambie tumekaribia, sina mtu nyuma. Nimekuja nikizungumza na upepo."

Pengine ningecheka. Baadaye nimecheka sana. Wakati ule nilirudi mbio kwa kijana wa bodaboda, na sikuhitaji kufikiri ni wapi pengine mama angeweza kumpeleka mtoto anayesemwa kuwa na ugonjwa wa meno.

Kwenye korido ya chumba cha meno hospitalini kulikuwa na harufu ya karafuu. Sikujua kwamba wao nao hutumia karafuu. Harufu ile ilinipunguzia mbio, nikajikuta natembea kama mtu aliyeingia jikoni kwa mtu wake. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikawaona kabla hawajaniona mimi. Mama alikuwa kwenye kile kiti kirefu cha wagonjwa, amekaa wima kabisa kana kwamba yuko kanisani, mtoto kwenye mapaja yake. Daktari alikuwa kijana, amevaa glovu, amechutama mbele yao na tochi ndogo.

"Angalia," mama alikuwa anamwambia, "lakini chuma usiingize."

"Siingizi chuma, mama. Kidole tu, na nimenawa."

Alimulika. Mtoto akashangaa ule mwanga, akanyamaza.

"Hivi vyeupe ndivyo mlivyoambiwa ni meno ya plastiki?"

"Ndivyo."

"Ni meno yake, mama. Meno ya kweli. Haya ni machonge, bado yamelala ndani ya fizi, yanangoja zamu yake. Kila mtoto anayo, wengine yanaonekana zaidi. Ukiyachimba umeyaua, na mara nyingine unaumiza hata yale ya ukubwani yaliyo chini yake, yasije kuota kabisa. Acha damu, acha vidonda, acha tetenasi. Na homa haitokani na meno. Mtoto akiwa na homa, kuna kitu kingine, kitafutwe."

"Najua," mama akasema.

Daktari akainua uso.

"Najua kwamba ni meno," mama akarudia. "Niliyaona. Mama yake huyu alipokuwa mdogo hivi aliugua, wakaniambia hivyo hivyo, nikampeleka. Mimi ndiye niliyemshika miguu. Yule bibi akanipa kiganjani, akasema tazama, plastiki hiyo. Nikaenda nikayaosha kwenye maji, nikayatazama kwenye jua. Yalikuwa laini, lakini yalikuwa na ncha. Mtu aliyezaa anajua jino."

Nilisimama pale mlangoni na sikuweza kuingia wala kutoka. Jambo la ajabu ni kwamba kilichonijia kwanza hakikuwa mama. Kilikuwa lile jino katika kiganja changu cha utotoni, lile lenye ncha, lililonichoma. Nililiona wazi. Na nililifahamu, wakati ule ule, kwamba halikuwahi kuwepo. Mtoto hawezi kurusha juu ya paa jino ambalo halikuwahi kumwota. Paa, kipupwe, ulezi mkekani, vyote vilikuwepo siku nyingine, kwa meno mengine, yale ya mbele, ambayo yaliota tena bila shida. Chonge nilipewa kwa maneno, karibu na jiko, na mimi nikaliwekea uzito na ncha.

Mama akageuka, akaniona. Hakushtuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyetua gunia.

"Na mjusi?" nikamuuliza. Katika yote ya kuuliza, hilo ndilo lililotoka.

"Mjusi hakuwepo," akasema. "Ulikuwa unalia wanakucheka, unataka mtu wa kumlaumu. Nikakupa mjusi."

Daktari, ambaye sasa nadhani alikuwa na busara kuliko umri wake, alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Kisha akatuandikia tupeleke mtoto upande wa watoto. Huko wakammulika masikioni, wakasema ni sikio, limejaa usaha ndani, ndiyo maana alikuwa anasugua shavu. Wakampa dawa. Udenda, wakasema, ni wa umri wake tu, akifikia miezi hiyo kila mtoto hutiririka. Jioni ile ile alinyonya.

Nilimkasirikia mama. Sitaki kusema sikukasirika. Niliposhika kioo nikatazama yale mapengo nilihisi hasira ya miaka yote ya shule ikirudi bila mahali pa kukaa, kwa sababu mjusi nilimpenda na mama ninampenda. Siku kadhaa nilimjibu kwa neno moja moja. Yeye hakujitetea. Aliendelea kufanya kazi, ila sasa alikuwa na kazi mpya.

Daktari alikuwa amemfundisha, na mama aliyashika mafunzo yale kama sala. Kila asubuhi na kila jioni, baada ya mtoto kunyonya, alinawa mikono kwa sabuni, akachovya kitambaa laini kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, akakizungusha kwenye kidole na kupangusa fizi za mjukuu wake, juu, chini, pembeni. Yeye ambaye hakuwahi kumtazama mdomoni sasa alikuwa anamfungua kinywa kwenye mwanga wa mlango na kutazama kwa muda mrefu, kimya, wakati ukungu unapita nyuma yake. Jino la kwanza la mbele lilipochomoza akanidai mswaki mdogo wenye nywele laini, na dawa ya meno kiasi cha punje moja ya mchele, si zaidi, akapima kwa macho na kuniambia nimepunguza au nimezidisha. Uji wa sukari kwenye chupa ya kulalia nao akaukomesha. Alisema daktari amesema mtoto akilala na utamu mdomoni, meno yanaoza yakiwa bado mageni.

Shangazi alikuja tena, na mchele na manung'uniko. Mama akampokea mlangoni na beseni la maji.

"Wifi, nawa kwanza."

"Tangu lini nikanawishwa kama mgonjwa?"

"Tangu leo. Na ukitaka kumwona mdomoni, uniite mimi nikufunulie. Yule mama wa mwisho wa mji usimpeleke mtoto wa mtu tena. Yanayotolewa pale ni meno. Niulize mimi."

Shangazi akanitazama, akaitazama midomo yangu, akakunja mikono ya gauni. Akanawa. Alinawa mpaka kwenye viwiko.

Mimi na mama hatukuwahi kukaa chini kulizungumza jambo lile. Kwetu mambo mengine hukaa ndani ya nyumba kama kiti, watu wanakizunguka, wanapita. Lakini hasira yangu, nilipoitafuta, nilikuta imepungua, kisha nikakuta siitafuti. Nilikuwa namwangalia akipangusa fizi zile asubuhi kwa asubuhi, na nilielewa kwamba anafanya kazi mbili kwa kitambaa kimoja.

Mtoto alitembea, akaanza kusema maneno ya Kiswahili ya kwangu na ya Kifipa ya bibi yake. Kipupwe kikapita, mvua zikaja, mahindi yakapanda bei na kushuka. Asubuhi moja niko bandani napima ulezi, mama akaja kunifuata akiwa amembeba mtoto, jambo ambalo si kawaida yake, maana huogopa kunipotezea wateja. Mkononi alikuwa na kijiko kidogo.

"Fungua kinywa, bibi yangu," akamwambia mtoto.

Mtoto akafungua. Chini, upande wa kushoto, pale pale palipokuwa na kivimbe cheupe, fizi ilikuwa imepasuka kidogo, na ncha nyeupe ilikuwa imetoka. Mama akaigusa na kijiko taratibu. Ikalia, sauti ndogo sana, na mteja aliyekuwa anangoja ulezi wake akainamisha kichwa asikilize.

Mama hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi, macho yamejaa machozi.

"Hili," akasema, "ni lako."